Arusha Nayo Iwajibike kwa Wananchi

Ndugu wapenda mageuzi, sisi tuliopinga kura ya mlolongo ya mwaka 1988, tukadai kifungu cha 2A hadi kikafutwa Desemba 1991, tulikosea jambo moja. Tulidhani mamlaka yote ya kuhojiwa yamo Nairobi. Hatukutazama Arusha.

Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotiwa sahihi mwaka 1999, unatamka kwamba sheria za Jumuiya hutangulia sheria za nchi katika mambo yanayohusu utekelezaji wake. Ushuru wa forodha unaomkabili mama mchuuzi pale Busia hutokana na maamuzi ya huko. Nani alimpa mwamuzi idhini?

Ibara ya 50 inaagiza Bunge la kila nchi kuchagua wabunge tisa wa Afrika Mashariki. Mwaka 2006 Bunge letu halikuchagua mtu. Majina yalipitishwa na kamati yake ya shughuli, yakapelekwa Arusha. Ni mlolongo usio na hata foleni! Profesa Anyang' Nyong'o na wenzake kumi wakaenda katika Mahakama ya Afrika Mashariki, nayo tarehe 27 Novemba ikazuia wabunge hao wasiapishwe. Machi 2007 ikaamua kwamba uchaguzi haukufanyika.

Wakuu wa nchi walijibuje? Majuma matatu hayakwisha kabla hawajaurekebisha Mkataba: mahakama ikagawanywa sehemu mbili, na raia akapewa miezi miwili tu ya kufikisha lalamiko lake. Wananchi hawakuulizwa. Chama cha wanasheria wa kanda kilipolalamika, mahakama ilikiri mwaka 2008 kwamba kutowashirikisha wananchi kulikiuka Mkataba, lakini marekebisho ikayaacha yasimame. Uamuzi huo hatukuridhika nao.

Na si kwamba somo halikujulikana. Dibaji ya Mkataba huo huo inataja ushiriki hafifu wa wananchi miongoni mwa sababu za Jumuiya ya kwanza kuvunjika mwaka 1977.

Hatuupingi umoja, ndugu zetu wako pande zote za mpaka. Twataka wabunge wa Arusha wapigiwe kura na wananchi wenyewe. Kabla ya hapo, kila parokia na kila kikundi kimwulize mbunge wake, majina yatakapoletwa tena, yamependekezwa na nani, katika chumba gani.