Woofa ya Wati 12,000 Ndani ya Keja ya Kumi kwa Kumi? Tumeuziwa Hewa

Wasee, leo nitakosana na nusu ya Kianda, na iwe hivyo.

Jumamosi nilikuwa kwa beshte yangu hapa nyuma ya Olympic. Amenunua woofa mpya, bado analipa pole pole kila wiki. Katoni hajaitupa, ameiweka juu ya kabati ili kila mgeni aisome: WATI 12,000 PMPO. Tukaweka filamu. Bunduki ikilia, mabati yanatetemeka, vikombe vinacheza kwa rafu, mama wa chumba cha pili anagonga ukuta. Halafu watu ndani ya filamu wanaanza kuongea na hakuna mtu anasikia kitu. Tunaongeza sauti ndio tusikie maneno, besi inapanda nayo, mama anagonga tena. Mwishowe tulizima karibu kila kitu tukasoma maandishi ya chini. Pesa yote hiyo, halafu ukae unasoma sinema kama gazeti.

Na si yeye peke yake. Tembea kutoka Kianda hadi Kawangware, uhesabu nyumba zenye hiyo sanduku nyeusi yenye taa za disko. Watu werevu, watu wanaobishana bei ya nyanya hadi shilingi ya mwisho, wakifika Luthuli Avenue wanaambiwa "kastama, hii ni wati elfu kumi na mbili" na wanatoa doo bila swali.

Sasa swali ndilo hili. Soketi ya ukutani kwenu ni ampia 13. Stima ya Kenya ni volti 240. Zidisha: 3,120. Hapo ndipo plagi yako inafika, hata ukiwa na birika la maji peke yake. Hizo wati zingine karibu elfu tisa zinatoka wapi? Kwa maombi? Geuza woofa yako nyuma, kuna kibandiko kidogo ambacho muuzaji hakukuonyesha. Kitasema inakula wati 40, 60, labda 80. Mashine haiwezi kutoa nguvu inayozidi ile inayokula. Ni kama mtu amekunywa chai ya rangi asubuhi halafu anakuambia amesukuma mkokoteni hadi Naivasha.

PMPO ni namba isiyo na kipimo kinachokubaliwa na mtu yeyote. Kila kiwanda kinajipimia na kujipa maksi. Namba ya kutafuta ni RMS, yaani nguvu ambayo mashine inaweza kutoa mfululizo bila kulia kama mbuzi. Wamarekani walidanganywa hivi hivi na kampuni za redio, na mwaka 1974 shirika lao la biashara, FTC, likaweka sheria ya jinsi ya kutangaza wati za amplifaya. 1974! Sisi katiba yetu ya 2010, kifungu cha 46, inasema mnunuzi ana haki ya kupata habari anazohitaji ili bidhaa imfae. Tuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, na tuna KEBS. Halafu katoni yenye uongo wa wati 12,000 inakaa dirishani mchana kweupe. Mnataka nini tena, iandikwe milioni?

Kwa hizo pesa, nunua risiva ya mtumba. Ile ya kubeba kwa mikono miwili, Yamaha, Sony, Denon, Pioneer, Onkyo, iliyokaa sebuleni kwa mtu Uingereza miaka kumi kabla ya kufika hapa. Yangu nilipata kwa 9,500, na spika mbili za mbao za 4,000. Nyuma imeandikwa wati 70 kwa kila spika, na hata hizo 70 ni za maabara. Ukiwasha spika tano pamoja zinashuka. Lakini sikia hesabu. Spika ya kawaida ikipewa wati 1 hutoa kama desibeli 88 ukiwa mita moja. Kila ukizidisha nguvu mara mbili unaongeza desibeli 3 tu. Kwa hivyo wati 16 zinakufikisha 100. Wataalamu wa NIOSH kule Marekani wanasema masikio yavumilie desibeli 100 kwa dakika 15 kwa siku, basi. Keja yako ni futi kumi kwa kumi, buda. Wati 16 za ukweli zinatosha kukuharibu masikio, na wewe unatafuta elfu kumi na mbili za uongo.

Mtaniambia woofa ina blututhi, ina mahali pa flashi, ina redio. Sawa. Simu inaingia kwa risiva na ule waya wa nyekundu na nyeupe, na kidude cha blututhi kinauzwa pale pale bei ya chini. Mtaniambia risiva inakula stima. Hapo mna haki kidogo. Yangu ikiwa imewashwa tu inakula karibu wati 50. Masaa manne kila jioni, hiyo ni yuniti moja ya tokeni kwa siku tano. Kama stima yenu iko ndani ya kodi, mwenye ploti anaweza kukuangalia vibaya. Na ni nzito, na inataka hewa. Mkiiwekea kitambaa cha mathe na maua ya plastiki juu, itapika hadi ijizime.

Kuna mtego mmoja ambao mimi mwenyewe niliangukia, kwa hivyo hapa nisikilizeni vizuri. Risiva yangu ya kwanza ilikuwa safi kama imetoka kanisani, na bei ilikuwa ya kushangaza. Duka sitalitaja. Niliichomeka, ikawaka sekunde tatu, moshi. Ilikuwa imetoka Japani, na Japani stima ni volti 100. Ya Marekani ni 120. Kibandiko cha nyuma kilikuwa kimesema yote, sikusoma. Fundi alifungua akacheka, akafunga. Elfu saba zangu zikabaki kuwa stuli ya kuwekea ndoo. Kwa hivyo kabla hujauliza hata bei, geuza nyuma usome. Ukiona 230 au 240, endelea. Ukiona 100 au 120, rudisha kwa rafu, hata wakikuapia kwamba ni ya kuongeza transfoma tu.

Na usilipe kabla haijaimba mbele yako. Beba simu, waya, na wimbo unaoujua hadi pumzi za mwimbaji. Ukiiwasha, subiri ule mlio mdogo wa ndani, tak. Usiposikia, imejifunga kujilinda na kuna kitu kimeungua ndani. Sikiza spika ya kushoto peke yake, halafu ya kulia. Zungusha kitasa cha sauti polepole. Kikikwaruza, shusha bei. Iache iimbe dakika ishirini, hata kama muuzaji ananuna. Tundu za HDMI zikiwa zimekufa, au ni za zamani hazipitishi picha ya 4K, usilie. Kisanduku kiende kwa TV, na kutoka TV sauti iende kwa risiva na kebo ya optiko. Inabeba hata Dolby ya spika tano.

Lakini spika tano nani alikutuma? Kwa chumba chetu, spika ya nyuma itakuwa inakupigia kelele ndani ya sikio. Na zile filamu za kutafsiriwa mnazowekewa kwa flashi, nyingi ni sauti ya njia mbili tu. DJ Afro hahitaji spika ya nyuma. Anza na mbili nzuri, ukipata doo ongeza ya katikati, kwa sababu filamu za spika tano huweka maneno mengi hapo, na maneno ndiyo yalitupotea Jumamosi.

Guard ya kuzuia stima ikiruka usiache. Kwa wale wetu wa sambaza, stima ikirudi saa mbili usiku hurudi na hasira, na haijali ulinunua ya mtumba au mpya.

Beshte yangu amekasirika, anasema nilimharibia katoni yake mbele ya watu. Jana usiku amenitumia picha ya nyuma ya woofa bila neno hata moja. Inakula wati 55. Bado ana wiki kumi na moja za kulipa.