Viti Vitupu si Uvivu wa Mfanyakazi



Twaandika juu ya jambo ambalo wengine watasema si kazi ya chama. Watasema chama ni cha mishahara, saa za kazi na viatu vya usalama, na mpira ni mchezo tu. Sisi twajibu ya kwamba mtu anayetoka kiwandani jioni ni yule yule aliyeingia asubuhi. Saa zake za kupumzika ni mali yake, kama mshahara wake ulivyo mali yake. Ikiwa furaha yake ndogo imewekewa bei asiyoiweza, na saa asiyoweza kufika, hilo ni jambo la chama.

Jumatano moja tulikwenda kiwanjani hapa Thika kutazama mechi ya mchujo. Mpira ulianza saa tisa mchana. Kabla ya mapumziko tulikuwa tumekwisha kuwahesabu watazamaji wote, mmoja mmoja, bila kuchoka. Chini ya hema la wakubwa walikaa wageni walioingia bila kulipa hata senti moja. Upande wa pili ngazi za saruji zilikuwa tupu. Lakini nje ya ua, juu ya miti na juu ya mabodi ya pikapu, vijana walikuwa wamejaa, na kila mpira ulipokaribia goli walipiga kelele kutushinda sisi wa ndani.

Mechi ilipokwisha kiongozi mmoja alisimama akasema watu wa Thika hawaupendi mpira, na watu wa Ruiru ndio wavivu zaidi. Neno hilo ndilo lililotufanya tushike kalamu. Tungependa bwana huyo afanye hesabu pamoja nasi.

Amri ya mishahara iliyoanza tarehe 1 Novemba 2024 iliweka kima cha chini cha kibarua wa kawaida, katika miji iliyokuwa manispaa pamoja na Mavoko, Ruiru na Limuru, kuwa kama shilingi 14,867 kwa mwezi, bila posho ya nyumba. Ukigawa kwa siku 26 za kazi utapata kama shilingi 572 kwa siku. Kabla hujazitia mfukoni zimekwisha kukatwa akiba ya uzeeni, bima ya afya asilimia 2.75, na ushuru wa nyumba asilimia 1.5. Posho ya nyumba nayo, kila mpangaji ajua, humezwa na mwenye chumba kabla mwezi haujaanza.

Kiingilio siku ile kilikuwa shilingi 200. Ndugu yetu wa Ruiru hana budi kupanda matatu. Tuseme nauli ni shilingi 100 kwenda na 100 kurudi. Basi amekwisha kutoa shilingi 400 kabla hajanunua karanga. Akija na mtoto wake mmoja, na mtoto akatozwa kama mtu mzima, ni shilingi 800. Hizo ni zaidi ya jasho la siku nzima, kwa mchezo wa dakika tisini.

Wala hesabu haijaisha. Saa tisa siku ya Jumatano mfanyakazi yuko wapi? Yuko kwenye mashine. Yuko kwenye mkanda wa mananasi, kwenye maziwa, kwenye nyuzi na vitambaa, au shambani kwenye kahawa. Akiomba ruhusa siku hiyo bila malipo, amepoteza shilingi 572 nyingine. Kwa hiyo mechi iliyoandikwa shilingi 200 mlangoni yamgharimu mtu mmoja shilingi 972. Bwana kiongozi ameona viti vitupu akadhani ameona uvivu. Alichokiona ni mfanyakazi aliyepiga hesabu vizuri.

Twasikia wengine wakisema, kama ni shida ya pesa, mbona vibanda vya video vimejaa Jumamosi na Jumapili? Ndiyo, vimejaa. Kibanda kiko mtaani, hakuna nauli. Bei ni shilingi chache. Mpira waonyeshwa siku ambayo wengi wetu wametoka kazini. Mwenye kibanda hakusoma chuo kikuu cha biashara, lakini ajua wateja wake ni nani, walipwa kiasi gani, na wapumzika lini. Viongozi wa mpira wetu wangefanya vema kwenda kukaa kwenye benchi lake wakajifunza.

Na kwa kuwa wengi wetu vibandani ni watu wa Liverpool, na tuwakumbushe jambo moja. Mwaka 2016 wenye klabu hiyo walitangaza tikiti za msimu uliofuata, na ya juu kabisa ingekuwa pauni 77. Tarehe 6 Februari 2016 Liverpool ilikuwa ikicheza na Sunderland, tena ikiongoza mabao mawili kwa bila. Ilipofika dakika ya 77, maelfu ya mashabiki wakasimama wakatoka nje ya uwanja. Sunderland ikasawazisha, mechi ikaisha mbili kwa mbili. Baada ya siku chache wenye klabu wakaiondoa bei ile na kuomba radhi. Mwaka huo huo klabu za ligi kuu ya Uingereza zikakubaliana ya kwamba tikiti ya shabiki mgeni isizidi pauni 30. Sisi wa vyama twalijua jambo hilo kwa jina lake. Ni mgomo. Hawakurusha jiwe. Walisimama pamoja wakatoka pamoja, na waliosikia ni wale wale waliokuwa hawasikii.

Wala tusiambiwe ya kwamba Mkenya hapendi kutazama timu zake mwenyewe. Mwezi wa Agosti 2025, Kenya, Uganda na Tanzania zilipokuwa wenyeji wa mashindano ya CHAN, watu walimiminika Kasarani, kando ya barabara hii yetu ya Thika. Kenya iliipiga Morocco bao moja kwa bila tarehe 10 Agosti. Watu walikuwa wengi hata wengine wakalazimisha kuingia bila tikiti, na shirikisho la mpira la Afrika likaamuru mechi iliyofuata, ya Zambia, iuzwe tikiti 27,000 tu, tena kwa njia ya mtandao peke yake. Kulazimisha mlango ni kosa, nasi hatulitetei. Lakini tazameni adhabu ilimwangukia nani. Mtu mwenye simu kubwa na karani wa ofisini aliyekaa mbele ya kompyuta walipata. Mtu mwenye simu ya kitochi, aliyetoka zamu ya usiku, aliambiwa tikiti zimekwisha.

Jambo hili si la mpira wa miguu tu. Zamani Kenya ilikuwa taifa kubwa katika hoki. Mwaka 1964 kule Tokyo timu yetu ilikuwa ya sita katika Olimpiki, na mwaka 1971 kule Barcelona ikawa ya nne katika Kombe la Dunia. Siku hizi hoki yategemea sana vyuo, na barabara yetu imejaa vyuo: Kahawa, Ruiru, Juja, hata Thika mjini. Wanaocheza humo wengi ni watoto wetu, tuliowalipia karo kwa mikopo ya ushirika. Kwenye viwanja vingi vya vyuo hakuna kiingilio, na bado hakuna watazamaji. Kwa nini? Kwa sababu mara nyingi mechi huchezwa siku ya kazi, na tangazo halitoki nje ya lango la chuo. Mzazi anaoka mikate kilometa mbili kutoka hapo, wala hajui ya kwamba binti yake anacheza fainali. Basi bei si kitu peke yake. Saa na tangazo ni viingilio pia.

Twajua jibu la viongozi wa timu. Watasema wachezaji wahitaji mshahara, kiwanja chalipiwa, mwamuzi alipwa, gari la wagonjwa lalipiwa. Ni kweli, nasi ndio wa kwanza kukubali. Mchezaji ni mfanyakazi kama sisi, na anayecheza miezi mitatu bila mshahara ameibiwa kama kibarua mwingine yeyote. Lakini pesa haziji kwa kupandisha bei mbele ya viti vitupu. Watu 150 wakilipa shilingi 200 ni shilingi 30,000. Watu 1,000 wakilipa shilingi 100 ni shilingi 100,000, na mama muuza mayai naye ameuza, na mchezaji amesikia sauti ya mji wake. Wazee walisema haba na haba hujaza kibaba. Hawakusema kibaba kimoja kikubwa kitoke kwa maskini mmoja.

Tena tukumbuke mpira wa nchi hii ulikuzwa na watu wa kazi. Tusker ilitoka kwa watu wa kiwanda cha bia, Bandari kwa watu wa bandari, Posta Rangers kwa watu wa posta. Hapa kwetu tulikuwa na Thika United, iliyodhaminiwa na kampuni ya maziwa ya Brookside, ikacheza ligi kuu kwa misimu mingi, kisha ikateremka mwisho wa msimu wa 2018. Hatusemi kiingilio peke yake ndicho kilichoiangusha. Twasema timu isiyo na watu wake nyuma yake, mdhamini akigeuka au matokeo yakiharibika, haina wa kuishika mkono. Na timu ikifa, kijana wa Makongeni au wa Kiandutu mwenye mguu mzuri atapita wapi ili aonekane?

Kwa hiyo twaomba wenye timu, wenye viwanja na serikali ya kaunti ya Kiambu wayasikie haya:

1. Kiingilio cha ngazi za kawaida kisizidi mshahara wa saa moja na nusu wa kibarua. Kwa kima cha Novemba 2024 hiyo ni kama shilingi 100.

2. Mtoto wa shule anayekuja na mzazi aingie bure.

3. Mechi za mchujo zichezwe Jumamosi alasiri au Jumapili, wala si katikati ya juma saa za kazi.

4. Tikiti ziuzwe pia kwa pesa taslimu, na siku tatu kabla ya mechi zipelekwe kwenye malango ya viwanda. Wawakilishi wa chama wa kila kiwanda wako tayari kusaidia, na hesabu itaandikwa wazi.

5. Mapato ya mlangoni yabandikwe ubaoni baada ya kila mechi, ili shabiki na mchezaji wajue kilichoingia na kilikokwenda.

Sasa tuseme na sisi wenyewe, maana chama kisichojikosoa ni ngoma tupu. Wako ndugu kati yetu wanaompa mlinzi wa mlango shilingi 50 wakapita kando. Ndugu, shilingi hiyo haikumfikia mchezaji. Wako wengine wanaolalamika tikiti ni ghali, lakini Jumamosi hiyo hiyo wanatia shilingi 300 kwenye kamari ya simu juu ya timu za nchi ambayo hawatafika kamwe. Hatuwezi kudai bei ya haki tukiwa tunaruka ua. Bei ikishushwa, ni wajibu wetu kuja, kulipa mlangoni, na kukaa hadi kipenga cha mwisho hata timu yetu ikifungwa.

Katika mkutano wa tawi ujao jambo hili litawekwa mbele yenu. Kila kiwanda kichague mtu mmoja. Watakaochaguliwa watakwenda pamoja kuonana na wenye timu, kwa heshima, na hesabu hii mkononi. Wakitusikia, tutazijaza ngazi zile za saruji. Wasipotusikia, basi wasisimame tena mbele ya viti vitupu kutuita wavivu, maana sisi ndio tunaoamka saa kumi ya usiku ili mji huu uwe na mkate asubuhi.

Umoja ni nguvu.