Wakili asipofika, asiumie mteja

Mkaazi wa Makangale mwenye kesi ya shamba huondoka alfajiri, akapita msitu wa Ngezi hadi Konde, kisha akateremka Chake Chake iliko Mahakama Kuu. Huko huambiwa wakili wake hakutokea. Kesi huahirishwa, na nauli imekwisha kwenda. Lau angebaki nyumbani kwa kumtegemea wakili huyo, sheria ya mwenendo wa madai yaruhusu dai la asiyehudhuria kufutwa, au mdaiwa kuhukumiwa kwa kusikilizwa upande mmoja. Aliyeghibu ni wakili. Anayeumia ni mteja.

Katika fiqhi uwakala ni amana, na aya ya kwanza ya Suratul Maida yatuamrisha kutimiza mikataba. Aliyepokea ujira amefunga mkataba.

Maradhi ni udhuru, na bahari kuchafuka ni udhuru. Lakini udhuru hutolewa mapema. Asiye nao, twaona ni haki mahakama imtoze yeye mwenyewe gharama za siku ile, zikiwemo nauli za mteja na mashahidi, kabla ya kuifuta kesi ya mnyonge.

Allah atuwafikishe kutekeleza amana.