Mastaa Mnaouza Unga wa "Kubalansi Homoni", Waacheni Dada Zetu Wale Mayai

Wadau, leo umbea nauweka pembeni. Najua mmekuja kusoma nani kamwacha nani, ila kuna jambo limenikaa kooni tangu wiki iliyopita na nisipolitema nitapasuka.

Kuna staa mmoja, simtaji jina, mnamjua na yeye anajijua. Zamani tulimpenda kwa kuigiza. Siku hizi filamu hana, anaigiza udaktari. Kila asubuhi yupo laivu, kopo la unga wa kijani mkononi, kope za kubandika, taa ya duara usoni. "Mpenzi, una chunusi? Homoni. Umenenepa? Homoni. Umekonda? Homoni. Huna hamu na mumeo? Homoni hizo, mpenzi." Dozi ya siku 21 ni shilingi 180,000, na pesa ya bodaboda juu yako. Wala hayuko peke yake. Kuna kaka mmoja wa muziki naye ana kopo lake la wanaume, kachora na simba.

Ningenyamaza, kila mtu anatafuta riziki. Ila shoga yangu wa miaka mingi alinunua. Mtu mzima, ana kazi yake, ana akili zake timamu. Siku zake zilikuwa zinachelewa wiki moja moja, akaingiwa na hofu ya kutozaa. Akapewa kopo na karatasi ya masharti: marufuku mayai, nyama, samaki, maziwa, mafuta ya aina yoyote na chumvi ya dukani. Ruksa matango, maji ya limao, na chumvi ya pinki ambayo, bahati nzuri kwa muuzaji, anaiuza yeye mwenyewe.

Kufika kopo la tatu, dada wa watu anavaa sweta mchana wa Dar es Salaam. Nywele zinatoka kwa mafungu. Na zile siku zilizokuwa zinachelewa, sasa haji kabisa. Akamwandikia staa inboksi. Jibu nililiona kwa macho yangu: "Ni sumu zinatoka mpenzi, ongeza kopo la nne."

Haya jamani, tuongee sasa.

Homoni si shetani la kufukuzwa kwa limao. Ni kemikali ambazo mwili wenyewe unazitengeneza kwenye tezi zake na kuzituma kwenye damu, zikaseme na viungo: wewe kua, wewe lala, wewe pika yai la mwezi huu, wewe chukua sukari hii. Na kama kitu chochote kinachotengenezwa, zinahitaji malighafi. Malighafi inatoka wapi? Kwenye sahani yako. Sasa wewe staa unamnyang'anya mtu sahani halafu unamwambia unamsawazishia homoni? Ni sawa na kumnyima fundi saruji na mchanga halafu ukamuuzia rangi.

Tuanze na homoni za uzazi. Estrojeni, projesteroni, testosteroni ya wanaume, zote zinatengenezwa kutokana na kolesteroli. Ndiyo, hiyo hiyo mnayotishiwa nayo. Ini lako linatengeneza kolesteroli lenyewe, kwa hiyo sisemi mkanywe mafuta ya kukaangia chipsi. Nasema kumfanya mtu aogope yai moja na kijiko cha mafuta kama anaogopa sumu ya panya ni ujinga uliovaa kope za kubandika.

Na kuna jambo kubwa kuliko hilo. Ubongo unapima kila siku chakula kinachoingia. Kikipungua sana, unakata amri unazotuma kwenye ovari. Hautaki mimba wakati wa njaa, ndivyo ulivyoumbwa. Ndiyo maana wakimbiaji wa kike, wacheza dansi na wanamitindo wanaojinyima kupita kiasi, hedhi hukatika. Siku za shoga yangu hazikukatwa na sumu. Zilikatwa na njaa, tena njaa ya kulipia.

Twende shingoni. Pale mbele kuna tezi ya thairoidi, inayopanga mwili uwake kwa kasi gani. Homoni yake imejengwa na vitu viwili: madini joto, na kipande cha protini. Mtu mzima anahitaji maikrogramu 150 tu za madini joto kwa siku, mjamzito 250. Ni chembe ndogo mno, lakini ikikosekana muda mrefu shingo inavimba goita, na mtoto aliye tumboni anaweza kuzaliwa na akili iliyodumaa. Waulizeni wazee wa Nyanda za Juu Kusini, kule Mbeya, Iringa na Rukwa, goita ilikuwa imeenea kiasi gani. Kilicholeta nafuu si unga wa staa. Nchi iliamua chumvi iwekwe madini joto. Pakiti ile ya bei chee kwa Mangi imefanya kazi kubwa kuliko mastaa wote wa mjini ukiwajumlisha, na haijawahi kwenda laivu hata siku moja. Halafu mtu anakuja kukwambia uitupe ununue ya pinki! Chumvi ya pinki ni nzuri kwa picha, lakini kama haikuongezwa madini joto kiwandani, haina ya kukutosha.

Insulini je? Hii inatoka kwenye kongosho na inaingiza sukari kwenye seli. Soda moja ya kola, ile chupa ya kawaida, ina kama vijiko 9 vya chai vya sukari. Kunywa hizo kila siku, ongeza chipsi na kukaa tu, uzito ukapanda hasa tumboni, basi seli zinaanza kuwa viziwi na kongosho linalazimika kupiga kelele. Kwa wanawake wengi wenye ule ugonjwa wa vifuko vingi kwenye ovari, kelele hizo za insulini ndizo zinazosukuma ovari kutoa homoni za kiume kupita kiasi: ndevu, chunusi, hedhi kuruka.

Hapa najua mashabiki mtanirukia kwenye komenti: "Mbona dada yangu alitumia akapona?" Sawa, nakubali, wapo. Lakini angalieni alichofanya. Kwa siku 21 kaacha soda, kaacha chipsi, kashusha kilo kadhaa. Mwenye uzito mkubwa akipunguza hata asilimia 5 hadi 10, hedhi inaweza kurudi kwenye mstari. Kilichomsaidia ni soda aliyoiacha, na soda kuiacha ni bure. Umelipa laki na themanini kuambiwa usinywe kola!

Na hilo kopo lenyewe, nina swali dogo kwa staa. Ndani kuna homoni au hakuna? Kama hakuna, unauza majani. Kama ipo, una kesi ya kujibu, maana unampa mtu homoni bila kumpima wala kujua kama ana mimba au uvimbe. Wewe kaka wa simba, swali lako ni hilo hilo. Mamlaka za dawa Marekani zimekamata mara nyingi vidonge vya "asili" vya nguvu za kiume vikiwa vimechanganywa kimyakimya na dawa ile ile ya Viagra, ambayo kwa anayetumia dawa fulani za moyo inaweza kushusha presha hadi akafa. Ukidai kitu kinatibu, hiyo ni dawa, na dawa hapa kwetu inasajiliwa TMDA. Tuonyesheni namba ya usajili. Si picha ya simba.

Jingine ambalo mastaa hawalisemi: vidonge vya nywele na kucha vyenye bayotini nyingi vinaweza kuharibu majibu ya maabara, vipimo vya thairoidi vikiwemo. Yaani unaweza kuambiwa una ugonjwa usio nao. Kama unavitumia, mwambie daktari kabla hajakuchoma sindano ya kutoa damu.

Na mimi sitaki niwe kama wao, kwa hiyo niseme ukweli wote. Chakula hakitibu kila kitu. Kisukari cha aina ya kwanza kinataka insulini ya sindano, maana insulini ukiinywa tumbo linaimeng'enya kama nyama. Thairoidi iliyochoka inataka kidonge cha kila siku. Wala madini joto mengi kupita kiasi si sifa, nayo yanaweza kuivuruga tezi. Kama huna mimba na hedhi imekata miezi mitatu, nenda hospitali ukapimwe. Usiende laivu.

Ila kwa malighafi ya kila siku, hamhitaji mtu maarufu. Mnahitaji mayai. Dagaa na samaki, wana protini, wana seleniamu ambayo thairoidi inaipenda. Maharage, karanga, mbegu za maboga zenye zinki. Dona badala ya sembe ukiweza. Mchicha na tembele na mafuta kidogo ndani. Chumvi yenye madini joto, kiasi. Usingizi. Basi. Trei ya mayai inakutosha karibu mwezi mzima na bado hujafika hata robo ya bei ya kopo.

Shoga yangu alienda hospitali. Daktari, mama mtu mzima, hakuanza na mashine. Alimuuliza tu, "Mwanangu, jana ulikula nini?" Akaanza kutaja tango, akashindwa kumaliza, akalia. Vipimo vilipotoka hakukuwa na sumu popote. Kulikuwa na damu pungufu na mwili wenye njaa. Amerudishiwa ugali wake na mayai yake. Mwezi wa tatu siku zake zikarudi, akanipigia simu saa kumi na moja alfajiri kunitangazia kama mtu aliyeshinda bahati nasibu.

Alirudi pia kwenye ukurasa wa staa, akaandika kilichompata, kwa adabu kabisa. Baada ya dakika kumi komenti ikafutwa, na yeye akablokiwa.

Dada staa, ukisoma hapa, na najua unasoma: kwangu hufutwi wala hublokiwi. Njoo na namba yako ya usajili, nitaibandika juu kabisa ya posti hii. Tunakusubiri.