Mwaka wa Kubeba Mafaili

Siku hizi ukitaka kuonekana una uchungu na vijana waliomaliza digrii za siasa na utawala wakabaki nyumbani, sema tu: wapelekwe fildi. Zile wiki chache za likizo hazitoshi, utaongeza. Wapewe mwaka mzima maofisini kabla ya kuhitimu, wapate uzoefu. Hakuna atakayekubishia. Wazazi wataitikia, wahadhiri watakubali, na waajiri ndio kabisa, maana nani anakataa kufanyiwa kazi bure?

Mimi nakataa. Sina ugomvi na mafunzo kwa vitendo. Nagombana na imani kwamba mtu hujifunza siasa ofisini, na kwamba ukirefusha muda elimu itaingia yenyewe.

Imani hii tumeiazima kwenye fani nyengine. Nenda Kizimbani, kwenye kampasi ya kilimo ya SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Mwanafunzi wa pale akiotesha miche vibaya, inakufa mbele ya macho yake. Shamba halimjui baba yake ni nani. Kosa linaonekana ndani ya msimu mmoja, na mwalimu yupo wa kumwonyesha alipoteleza. Muuguzi naye, akiwa wodini Mnazi Mmoja, ana mkubwa wake nyuma ya bega. Sasa huyu wa siasa akipelekwa wizarani, akikosea kinakufa nini? Hakifi kitu, kwa sababu hakukabidhiwa kitu. Atapewa kiti karibu na mlango, daftari la barua zinazoingia na safari za kwenda masjala. Akipendwa sana ataandika muhtasari wa kikao ambacho uamuzi wake ulishapitishwa jana yake, chemba. Ikifika wiki ya tatu keshaijua kazi yote. Kinachobaki ni kujifunza nani aamkiwe kwanza na nani asiulizwe maswali. Miezi kumi na miwili ya hayo itatupatia karani mtiifu, na hao hatujapungukiwa.

Watetezi hupenda kutaja Uingereza, ambako vyuo kama cha Bath huwapa wanafunzi wa siasa nafasi ya kufanya kazi mwaka mmoja kabla ya mwaka wa mwisho. Sawa. Lakini huko huko, sheria ya kima cha chini cha mshahara inamwacha nje mwanafunzi ambaye kazi hiyo ni sehemu ya kozi yake na haizidi mwaka. Mwajiri akitaka atamlipa, asipotaka basi. Mwenye wazazi wa kumlipia chumba London anaweza kukubali ofisi isiyolipa. Asiye nao afanyeje? Tulete hesabu hiyo kwetu. Binti wa Micheweni, Pemba, kapangiwa ofisi Mazizini, Unguja: atafute chumba, nauli ya kila siku, chakula cha mchana, na mshahara hakuna. Mwenzake wa Mjini analala kwao, na ami yake ana meza ghorofa ya pili ya ofisi hiyo hiyo. Mwisho wa mwaka, mmoja atakuwa na deni, na mwengine atakuwa na ahadi ya kazi. Halafu tutasema wote wawili wamepata uzoefu.

Na hiyo ajira yenyewe? Tangazo la kazi linataka miaka mitatu ya uzoefu, nafasi ni moja. Kumchelewesha kijana mwaka mmoja chuoni hakuongezi nafasi hata nusu. Kunamwondoa kwenye foleni kwa muda, takwimu zikapumua.

Nchi hii si ngeni katika kufunga kazi na chuo kikuu pamoja, tena kwa amri. Mwaka 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana kupinga kuingizwa kwa lazima Jeshi la Kujenga Taifa, kwa masharti yaliyowapunguzia mishahara, na Mwalimu Nyerere akawafukuza karibu 400. Novemba 1974 likaja Azimio la Musoma: anayetaka chuo kikuu afanye kazi kwanza, na alete sifa njema kutoka kwa mwajiri na kwenye chama. Nia haikuwa mbaya. Mwalimu alichoshwa na wasomi waliojiona wamezaliwa kutumikiwa. Lakini tazama kilichokuja kupimwa. Hakuna aliyeuliza kijana kajifunza nini kazini. Kilichoulizwa ni kama wakubwa wameridhika naye. Haikupita miaka mingi wanawake wakasamehewa sharti hilo, kwa kuwa idadi yao chuoni ilikuwa imeporomoka.

Kuna watakaonijibu kwa jina la Maalim Seif Sharif Hamad, kwamba naye alifanya kazi kabla ya chuo. Kweli. Alifundisha skuli tangu 1964, walimu wa kigeni walipoondoka na vijana waliomaliza kidato cha sita wakatakiwa kuziba pengo, mpaka mwaka 1972 alipokwenda Dar es Salaam kusoma sayansi ya siasa. Ile haikuwa fildi. Ilikuwa ajira, yenye mshahara, na watoto darasani ambao asipofika hawasomi.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba siasa yenyewe iko pale pale Kizimbani, nje kidogo ya kitalu cha miche, na mwanafunzi wa siasa hapelekwi kuisoma. Huko na Mtoni ndiko ilikopandwa mikarafuu ya mwanzo ya Unguja, mwanzoni mwa karne ya 19, katika mashamba ya Saleh bin Haramil. Sayyid Said akayatwaa. Yakaja Mapinduzi ya 1964, ardhi ikawa ya Serikali, na familia Unguja na Pemba zikagaiwa eka tatu tatu, za kulima na si za kuuza. Leo mji unapanda kuelekea shamba na misingi inachimbwa palipokuwa na migomba. Nani kauza, kwa karatasi gani, mbele ya shahidi yupi? Karafuu kisheria ina mnunuzi mmoja, ZSTC, shirika la biashara la Serikali. Mdalasini na vanila hazina mnunuzi wa lazima, lakini mtalii anayekuja kutembezwa viungo mara nyingi keshalipa Mjini, kwa wakala. Katika pesa ile mwenye shamba anapata ngapi, na yule kijana anayepanda mnazi huku akiwaimbia wageni anapata ngapi? Halafu kuna diwani, aliyepigiwa kura, na sheha, aliyeteuliwa na Mkuu wa Mkoa. Mwananchi akitaka barua ya utambulisho, akigombana na jirani kwa mpaka, akitaka kuthibitishwa kuwa ni mkaazi, anabisha hodi kwa yupi? Na kwa nini kwa huyo? Waliofuatilia uandikishaji wa wapiga kura mwaka 2009, watu walipohitaji sheha awathibitishe ukaazi, wanajua jibu lake linaweza kufika mbali kiasi gani.

Maswali hayo hayahitaji mwaka. Yanataka miezi mitatu ya kukaa kijijini, posho ya kueleweka, mwalimu anayepanda daladala kuja kumwona mwanafunzi wake, na ripoti inayosomwa mbele ya watu wa shehia ile ile ili kama kaandika uongo aambiwe usoni. Wazee wa Kizimbani hawatamwonea haya. Najua ofisi zitalalamika, kwa sababu mwanafunzi wa namna hiyo hapeleki faili la mtu.

Kwa mkuu wa idara anayeona haya ni mazito, nina ombi jepesi. Kabla hajapeleka kwenye baraza la chuo pendekezo la mwaka mzima, aingie kabatini kwake zilikorundikwa ripoti za fildi, atoe moja tu iliyowahi kumfanya abadilishe hata mstari mmoja wa somo lake.