Fundi wa Fedha Yumo Topeni

Dawa ya moto ni moto, walisema wahenga. Basi wasomaji wapenzi, msinicheke nikisema kuwa dawa ya bakteria yaweza kutengenezwa na bakteria wenyewe.

Fedha ninayoizungumzia siyo ya nauli ya matatu. Ni madini, ile ya bangili za nyanya zetu. Fedha huua vijidudu vya majini, na ikiwa punje ndogo mno nguvu yake huzidi. Taabu ni kuzipata punje zenyewe, kwani aghalabu hutumiwa kemikali kali. Lakini mwaka 1999 wataalamu wa Uppsala, Uswidi, walieleza habari za bakteria aitwaye Pseudomonas stutzeri, aliyetoka kwenye mgodi wa fedha. Fedha iliyoyeyuka ni sumu, naye huigeuza punje ngumu mwilini mwake. Kubwa kabisa zilifika nanomita 200. Yaani uzipange 5,000 mstari mmoja ndipo upate milimita moja!

Wako wenzangu wasemao, "Hayo ya Wazungu, sisi yatuhusu nini?" Ala! Hapa Kisauni na kule Likoni visima vingi vimechimbwa karibu na vyoo vya shimo. Mvua ikinyesha, nani asiyejua kinachofuata? Mtoto aharisha, shule haendi, mama atafuta pesa za mitungi ya mkokoteni. Na jirani yetu Askwar Hilonga wa Arusha alitengeneza chujio la mchanga pamoja na chembe za udogo kama huo, akashinda Tuzo ya Afrika ya Uhandisi mwaka 2015.

Maoni yangu ni kwamba klabu za sayansi za shule zetu zishirikiane na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, wachote tope la mikoko ya Mikindani, wamtafute fundi wetu. Huko Uhindi, mwaka 2009, wataalamu walieleza jinsi kuvu iliyotolewa kwenye tope la mikoko ilivyowatengenezea punje za fedha. Tope letu lina kasoro gani?

Silva naitreti ni ghali, najua, maabarani hupimwa kwa matone. Tena fedha haiondoi chumvi kisimani, wala isiwe kisingizio cha kutoletewa mfereji. Ila jambo moja nasisitiza: maji ya majaribio yakusanywe chupani, yasimwagwe mtaroni. Fedha haichagui kijidudu kibaya na kizuri, na mitaro yetu mingi yaishia huko huko mikokoni.