Joto Likipanda, Samaki Anashuka

Haya msomaji wangu, wiki hii tuyaweke pembeni mambo ya mahari na wivu wa kimapenzi, twende ziwani. Tena si Victoria wala Nyasa. Ni ziwa la milimani huko Marekani, linaitwa Tahoe. Najua kuna mnaoguna: "Huyu naye samaki wa milimani kawatoa wapi?" Tulieni. Habari ina utamu wake, na funzo lake linakuhusu hata wewe unayegombea fungu la vibua pale Feri.

Tahoe liko mpakani mwa majimbo ya California na Nevada, karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Kwa upana ni mtoto mdogo mbele ya Victoria letu, lakini kwa kina, weee! Victoria, pamoja na ukubwa wake wote, kina chake ni kama mita 80 tu. Tahoe linateremka mita 501. Kwetu huku yanayolishinda ni Tanganyika na Nyasa.

Samaki anayewatia watu wazimu huko ni trauti. Ndugu zetu wa Nyeri na sehemu za Mlima Kenya wanamjua, maana Waingereza walimpeleka kwenye mito ya Kenya tangu 1905. Huyu bwana ni samaki wa baridi. Perege ukimtia kwenye maji ya uvuguvugu anacheza ngoma. Trauti, maji yakishapita nyuzi 20 anaanza kutaabika.

Sababu yake si ubishoo. Samaki naye anavuta hewa, ila anaichota ndani ya maji, na maji ya baridi hubeba hewa nyingi kuliko maji ya moto. Halafu joto linamfanya ahitaji hewa zaidi. Yaani mahitaji yanapanda wakati duka linaishiwa bidhaa! Sasa kiangazi kikikolea, jua huchemsha maji ya juu tu. Maji ya moto ni mepesi, yanaelea kama mafuta juu ya mchuzi, na yale ya baridi yanabaki chini. Basi trauti anafanya kama mwenye akili yeyote: anahama. Joto likipanda, yeye anashuka.

Mimi nilifika huko mwezi Julai, kwa mpwa wangu anayeishi Sacramento. Mji ule kiangazi si mchezo, nyuzi 38 ni jambo la kawaida. Mpwa akasema, "Mjomba, twende mlimani ukapate hewa." Tukaamka usiku wa manane, na alfajiri tulikuwa ndani ya boti, watu watano na mzee mwenye boti, na makoti tumevaa.

Uvuvi wa kule una ratiba yake. Alfajiri, kabla jua halijachomoza, trauti wengine husogea karibu na miamba ya ufukweni kutafuta chakula. Hapo unaweza kurusha ndoano ukabahatisha. Jua likishatoka, ufukweni hakuna biashara tena. Inabidi umfuate aliko, na yule trauti mkubwa wanayemwita Mackinaw anaweza kuwa mita 50, 60 au zaidi chini.

Utamfikiaje? Wanafunga donge zito la risasi kwenye waya, kilo nne au tano hivi, wanaubana mshipi kwenye waya huo, kisha wanateremsha vyote mpaka kina wanachotaka. Boti inakwenda polepole, mwendo wa bibi harusi, chambo kinafuata nyuma kule chini gizani. Samaki akishika, mshipi unachomoka kwenye kibanio, na hapo kazi inakuwa yako na yeye. Ukimpandisha taratibu utaona mapovu yanatangulia juu ya maji. Ni trauti anacheua! Ana mfuko wa hewa tumboni, na kadiri anavyopanda ile hewa inavimba, naye anaitoa kupitia mdomoni. Ukimvuta kwa pupa, humpi nafasi ya kuitoa.

Ilipofika saa nne asubuhi tulikuwa na Mackinaw wawili wa kushiba na trauti wengine wadogo, kitoweo cha kututosha sote. Hapo ndipo kasheshe lilipoanza.

Mzee akazima mashine, akaanza kukunja nyaya zake. Kijana mmoja, rafiki wa mpwa wangu, akaja juu. Muda tuliolipia ulikuwa mpaka mchana, ati mbona tunafungiwa duka mapema? Akasema yeye hana haja ya kula samaki, anataka tu kukamata, kupiga picha na kuachia. Kwani samaki akirudishwa majini anapungukiwa nini?

Mzee hakupandisha sauti. Akamjibu: "Muda umeulipia. Samaki hujamlipia." Kisha akatueleza kwa upole, kama babu anayewasomesha wajukuu. Yule samaki yuko kwenye baridi kali chini. Unamvuta anapigana mpaka nguvu zinamwisha, unampitisha kwenye maji ya joto, unamtoa kwenye jua, unamshika kwa mikono mikavu inayomvua ule utelezi unaomkinga na maradhi, unampakata kwa picha kama mtoto wa arobaini. Ukimwachia ataondoka, ndiyo, na wewe utapiga makofi. Lakini kuondoka si kupona. Anaweza kufa baadaye usipomwona. Kwa hiyo wakati wa joto yeye akishapata chakula cha siku anafunga kazi, na kama kuna wa kurudishwa, anamtoa ndoano humo humo majini, haraka, bila picha.

Kijana akanuna. Mzee akatupitisha kwenye ghuba ya Emerald Bay tutazame mandhari mpaka muda wetu utimie, lakini yeye uso ulikuwa kama amekunywa shubiri. Tukiwa njiani kurudi tukamwona trauti anaelea tumbo juu, na shakwe keshaanza kumdonoa. Nani alikuwa amemwachia, hatukujua. Hakuna aliyesema neno. Kijana alimtazama mpaka tukampita, akaiweka kamera mfukoni.

Na wasiwasi wa watu kama mzee yule una historia. Ziwa hilo lilikuwa na trauti wake wa asili, mwenye michirizi myekundu chini ya taya, anaitwa Lahontan. Watu wa kabila la Washoe walimvua kwa karne na karne na hakwisha. Mwaka 1911 alivuliwa mmoja Tahoe mwenye uzito wa zaidi ya kilo 14! Lakini walikuja wafanyabiashara wakavua bila breki, misitu ikakatwa kwa ajili ya machimbo ya fedha ya Nevada, mito ya kuzalia ikaharibiwa. Juu ya hayo, mwishoni mwa karne ya 19 akaletwa huyu Mackinaw kutoka kwingine. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Kule mgeni alikuja, mwenyeji akaliwa. Kufikia 1939 Lahontan wa Tahoe alikuwa ametoweka. Leo wataalamu wanahangaika kumrudisha kwa kupandikiza vifaranga.

Ikiwa unamcheka Mmarekani, jikumbushe sangara. Alipandikizwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 furu wetu wa aina nyingi wakawa hadithi. Ziwa ni kubwa, ndiyo, lakini tamaa nayo haina ufukwe.

Sasa wewe unayepanga safari ya uvuvi, iwe kwenye mito ya Mlima Kenya au kwa ndugu zako Ughaibuni, shika haya. Amka mapema. Jua likiwa kali, shuka kina au rudi nyumbani. Lowesha mikono kabla ya kumshika samaki wa kurudishwa. Na kabla hujatupa ndoano, hesabu midomo iliyoko nyumbani. Ikitosha, imetosha.

Sisi wale wetu tuliwachoma jioni kwa limau na kitunguu saumu, mpwa akasonga ugali. Yule kijana wa picha ndiye aliyemaliza kichwa cha Mackinaw, mpaka macho!

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.